Bomba la Sebarenzi

Sebarenzi wa Lushebere alikuwa mtu wa haraka. Uji aliunywa ukichemka, kisha akaugombeza. Mwaka wa 1954 aliokota bomba la chuma, nene kama paja, lililotupwa na shamba la pareto. Akataka kulikata katikati, vipande viwili viwe nguzo za lango la ng'ombe wake.

Fundi mmoja alimshauri atumie msumeno wa chuma, akate taratibu huku akitia mafuta.

"Polepole njo mwendo wa wazee," alijibu Sebarenzi, mwenye miaka sitini. Akachagua nyundo na tindo, akaanza kugonga uani kwa nguvu zote.

Sasa, pale kilimani katekista Léopold aliita watu kusali kwa kugonga kipande cha chuma kilichoning'inizwa mtini. Ilikuwa Jumanne. Kabla tindo haijaacha hata alama, uani kulijaa watu wenye nguo za Jumapili, Mama Annonciata mbele na rozari yake. Katekista naye akafika mbio, anahema.

"Sebarenzi! Nani alikupatia parokia?"

Kwa aibu akaazima msumeno. Siku tatu alikata kimya, akilowesha bomba kwa mawese, na akitaka kukohoa anaenda shambani. Ijumaa bomba likakatika. Kipande kikaangukia jiwe, kikalia ngeee, mpaka kilima cha pili.

Mkewe Mukasine akachungulia nje ya ua.

"Papa," akasema, "vaa shati. Mama Annonciata ameshapiga magoti."