Koti la Gari la Baba

Koti la gari la baba nililishona mimi, kwa mkono, juu ya meza ya jikoni, katika baridi yetu ya kwanza kwa Waingereza, mtaa wa Queensbury. Asubuhi moja gari lilikataa kuwaka. Baba akarudi ndani akipuliza vidole, akasema sisi sote tumevaa makoti na gari tumeliacha uchi barabarani. Tulikuwa tumetoka Unguja kwa kupitia Dar es Salaam, na katika nyumba yetu mpya baridi ilikuwa adui wa kila kitu: mifupa ya mama, mafuta ya nazi, betri, rejeta. Nikachukua mfarishi mkuukuu wa kujifunikia, nikaukata kwa kipimo cha wavu wa mbele wa gari, nikaupiga upindo, nikatia vifungo pembeni. Mshono mmoja ulienda upande nikaufumua wote.

Katikati niliacha mlango, kipande cha kukunja juu, chenye vifungo vinne. Hakuna aliyeniuliza mlango huo ni wa nini. Nilikuwa na jibu na nililingoja swali lake wiki nzima.

Gari lilikuwa la gia otomatiki, la zamani, limeshapita mikononi mwa watu watatu. Baba alilichagua kwa sababu goti lake la kushoto halikuweza klachi. Katika watu tuliowajua hapakuwa na mwenye gari la namna hiyo, kwa hiyo niliazima kitabu maktaba, nikakirudisha, nikakiazima tena, mpaka mama wa maktaba akawa ananiwekea pembeni. Kitabu kilinifundisha kwamba gia za aina ile huendeshwa na oili, na oili hiyo hupata moto. Ili ipoe, hupita kwenye vibomba vyembamba mpaka chini ya rejeta, ikapozwa na upepo wa njiani, kisha ikarudi. Ikizidi moto huungua, na ikiungua gia huanza kuteleza. Mjini, mwendo wa polepole, koti halina neno. Lakini kwenye motowei, ile barabara kuu ya magari ya kasi, na gari likiwa na mzigo, mlango lazima ufunguliwe.

Kila Jumapili nililipasha gari moto, nikaliacha linanguruma, mkono wa gia kwenye P ya kuegesha, nikavuta kijiti cha kupimia oili na kukifuta kwa kitambaa cheupe. Kisha nikarudia, maana mara moja haikunitosha. Vitambaa nilivihifadhi ndani ya kopo la biskuti ili nilinganishe rangi. Oili nzuri ni nyekundu kama sharubati. Mtihani wa kuendesha nilipasi mara ya kwanza. Sioni haya kulisema hilo, kwa sababu nyumbani halikusemwa na mtu.

Halafu akaja bin ami yangu.

Alifika na watu waliofukuzwa Uganda, na sanduku moja na shati la mikono mifupi. Wiki ya kwanza alivaa koti la baba. Wiki ya pili alikuwa anajulikana mtaa mzima. Kiingereza chake kilikuwa na makosa mengi kuliko changu, lakini kondakta wa basi alicheka naye. Mimi nilifanya mazoezi ya kusema jina la kituo na bado sauti ilinikauka. Alikula bila kutazama kama amejimwagia mchuzi, na hakujimwagia. Alikuwa ameshaendesha gari kutoka Kampala mpaka Mombasa, akasema, kwa mkono mmoja, wa pili umeshika muhindi wa kuchoma.

Ufunguo wa gari ulitundikwa msumarini karibu na kalenda. Baba alikuwa akiutoa na kumrushia kutoka upande huu wa chumba hadi ule, naye anaudaka. Mimi hakunirushia hata mara moja. Nikiomba, aliniambia, "Wewe una wasiwasi mno, mwanangu. Gari linataka mtu aliyetulia." Nilimwonea wivu bin ami yangu hata kwa jinsi alivyoudaka.

Ikafika harusi ya binti wa shangazi, Leicester. Mama hakuwaamini wapishi wa huko, kwa hiyo nyama ya biriani aliipika mwenyewe. Masufuria mawili makubwa yalikaa nyuma, yamefungwa kwa vitambaa. Juu ya gari tulipakia gunia la mchele, mikeka na masanduku. Gari lilikaa chini kama mtu aliyechuchumaa.

Bin ami yangu alilizunguka, akapiga teke kila tairi, akapapasa lile koti. "Nani kashona hili? Mimi mwenyewe sina koti zuri hivi."

"Mimi," nikasema.

"Basi nishonee na mimi, fundi."

Vile vifungo vinne vilikuwa vimefungwa. Nilivihesabu. Nilifungua mdomo nimwambie, na wakati huohuo baba akamrushia ufunguo, ukapita juu ya kichwa changu. Nikafunga mdomo nikaingia nyuma, nikakaa na mama.

Sitaficha. Sikusahau, wala sikudhani ni jambo dogo. Nilitaka gari limwaibishe mbele ya baba. Nilijiambia kwamba litasimama tu kidogo, halitaharibika, kana kwamba oili ingeniuliza mimi iungue kiasi gani.

Kwenye motowei alikanyaga mafuta mpaka mwisho. Kila mlima ulipokuja alikanyaga zaidi, na gia ikashuka kwa kelele. Tulipopita Luton nikasikia harufu, kama sukari inayoungua chini ya sufuria. Mama akageuka kutazama nyama yake. Kisha injini ikapaza sauti na gari halikuongeza mwendo.

"Ami, linateleza," akasema bin ami yangu, na mara hii hakuwa na mzaha. Akaliweka pembeni mwa barabara, akanyoosha mkono kwenye ufunguo. "Tulizime, tulimwagie maji." Ndivyo walivyofanya katika njia ya kupanda kutoka Mombasa, na huko labda lilikuwa sawa.

"Usizime," nikasema. Wote wakageuka. "Tia P, liache lingurume. Ukizima, oili itasimama kwenye moto uleule. Ikizunguka itapoa."

Akatia P bila ubishi. Hata hilo liliniuma, jinsi kutii kulivyokuwa rahisi kwake.

Nikatoka, nikaenda mbele, nikaanza kufungua vile vifungo. Nilipokunja kile kipande juu, joto lilinipiga usoni kama la mlango wa tanuri. Bin ami yangu akaja akasimama kando yangu. Malori yalikuwa yanapita na kututikisa.

"Asubuhi ulikuwa unavitazama vifungo hivi," akasema polepole. "Nilikuona. Nikadhani unaisifu kazi yako."

"Nilitaka uharibikiwe."

"Basi umefaulu," akasema.

Baba akaja akichechemea. "Kuna nini?"

"Mimi, ami," akasema bin ami yangu. "Nimesahau kulifungua koti."

Yaani hata kosa langu alilidaka. Nami nikanyamaza mara ya pili.

Tulingoja mpaka harufu ikaisha. Nikavuta kijiti: oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya rangi, lakini haikuwa nyeusi. Baba aliitazama, akanitazama, akasema, "Endesha wewe." Ufunguo wenyewe ulikuwa bado mahali pake, gari linanguruma, kwa hiyo hata siku hiyo haukurushwa. Niliendesha maili arobaini na tano kwa saa, mguu mwepesi. Kabla ya kila mlima niliachia mafuta kidogo, malori yakatupita na kutupigia honi. Tukafika, na mchuzi haukumwagika.

Kwa shangazi, baba alimwambia kila aliyeingia kwamba binti yake ndiye aliyeokoa gari. Bin ami yangu alisimama na sufuria mikononi akisimulia jinsi alivyotaka kuliogesha gari motowei, na watu wakacheka na kumpenda zaidi. Sikuweza kula. Nilimfuata baba nje alipokwenda kuchukua mikeka.

"Baba, nilijua tangu nyumbani kwamba limefungwa. Sikumwambia kwa makusudi."

Aliupandisha mkeka begani.

"Ulijua," akasema, "na mama yako yumo ndani ya gari."

"Ndiyo."

Akanyoosha mkono. Nikaweka ufunguo kiganjani mwake.

Jumapili, wakati wa kurudi, aliurusha, na nilijua utaangukia wapi. Nilikaa nyuma nimepakata sufuria tupu. Kabla ya kuingia, bin ami yangu alikwenda mbele ya gari akainama, na nilimsikia akiuliza bila kuinua kichwa, "Nimevifungua vinne, fundi. Vingine je?"

"Vya pembeni viache," nikajibu.

Akaendesha maili arobaini na tano. Kabla ya kila mlima aliachia mafuta kidogo, kama alivyoniona nikifanya, na gia haikushtuka hata mara moja. Mkononi mwangu ilikuwa imeshtuka mara mbili. Nilikitazama kisogo chake kutoka Leicester mpaka mlangoni kwetu, nikingoja ateleze, na hakuteleza.