Baridi ya Kibosho inanimaliza vidole, mume hataki tushuke

Habari admin, nifichie jina, majirani wengi wako humu. Mimi ni mama wa miaka 34, nimeolewa Kibosho, juu kabisa mlimani karibu na msitu. Nina watoto wawili.

Ilianza kidogo kidogo. Nikienda kukata majani ya ng'ombe asubuhi, vidole vinakuwa vyeupe kama vya maiti, halafu vinageuka bluu. Nikirudi jikoni vinawaka moto. Baadaye ngozi ya mikono na uso ikaanza kukaza. Wapo waliosema nimerogwa. Mwaka huu vikatoka vidonda kwenye ncha za vidole, kidole kimoja kikaoza hadi kikakatwa. Daktari alisema ni skleroderma, mishipa ya damu inabana na kuziba, na baridi inazidisha. Akaniambia, "Mama, dawa utameza, lakini ukiendelea kukaa kule juu naogopa tutakata vingine." Alisema hata mishipa ya mapafu inaweza kubana. Na kweli siku hizi nikipanda kutoka kanisani nakaa chini njiani mara kwa mara, pumzi hakuna.

Dada yangu anaishi Kahe, joto tupu. Nilikaa kwake kwa muda, vidonda vikaanza kukauka jamani! Nilirudi na furaha nikamwomba mume wangu tuhamie huko. Akasema, "Mimi ndiye wa mwisho kwetu. Kihamba cha baba nimwachie nani? Na mama je?" Nyie wa huku mnajua, wa mwisho ndiye anayerithi kihamba, nyumba na shamba la ukoo, na kumtunza mama. Nikamwambia basi niende na watoto. Akajibu, "Watoto ni wa hapa. Ukitaka kushuka, shuka mwenyewe."

Mama mkwe wangu hana ubaya. Ndiye anayenichemshia maji na kunikamulia ng'ombe, na magoti yake mabovu. Juzi alinishika mikono akasema, "Nenda ukapone mwanangu, nitabaki na wajukuu." Nililia sana. Angenifukuza ningeondoka kwa hasira. Sasa naondokaje? Mdogo ana miaka mitatu, hanibanduki.

Juni hiyo inaingia na ukungu wake. Jana kidole kingine kimeanza kuwa cheusi na bado sijamwambia mtu.

Ndugu zangu, mngekuwa ninyi mngefanyaje? Nishaurini, ila msinitukanie mume wangu, nampenda.