Kona ya Simu na Sikio la Ng'ombe

Naomba kwanza mnisamehe mwandiko wangu. Mistari yangu hupanda na kushuka hata kwenye karatasi yenye mistari. Niliishia darasa la saba, naandika polepole, na nikikosea herufi siwezi kufuta sana maana karatasi inatoboka. Mkishindwa kusoma mahali, rukeni, mbele mtanielewa.

Mimi ni binti, natengeneza simu hapa Majengo, Mpanda. Kibanda ni cha fundi aliyenifundisha kazi. Yeye anaongea na wateja, mimi nainamia meza. Hatukupanga hivyo, ilitokea tu, kwa sababu nikiongea na mgeni sauti inanikauka. Simu haziniulizi kitu.

Chini ya meza tuna boksi la simu zilizokufa. Kioo kipya kinatoka mbali na kinachelewa, kwa hiyo tunatoa vioo kwenye hizo simu na kuvipa nyingine. Kazi yangu ni kuangalia kipi kinafanana na kipi. Nilijiona hodari sana wa kufananisha.

Asubuhi moja alikuja mzee mfugaji kutoka Mwamkulu. Ni Msukuma, ng'ombe wake waliletwa huku na baba yake. Alifungua kitambaa, akaweka mezani simu ambayo kioo chake kilikuwa vumbi tupu. Ng'ombe alikuwa ameikanyaga.

"Mayu," akaniambia. Wao humwita hivyo mwanamke yeyote kwa heshima, yaani mama, hata awe mdogo kama mimi. "Humu ndani kuna picha ya ndama wangu. Saa nane leo nakaa na wazee wa baraza. Bila hiyo picha, ng'ombe wangu anaenda kwa jirani."

Fundi akamuuliza kwa nini. Mzee akaeleza kwamba kila boma la wafugaji lina alama yake, inakatwa kwenye sikio la ndama. Alama ya boma lake ni mkato mmoja kwenye ncha ya sikio la kulia. Sasa jirani aliyehamia juzijuzi ana alama hiyo hiyo. Mtamba mmoja, yule ndama wa kwenye picha ambaye sasa amekua, amechanganyika na ng'ombe wa jirani, na kila mmoja anasema ni wake. Lakini mzee alimpiga picha siku anamkata sikio.

"Kwa hiyo kesi ni ya sikio," fundi akasema, akicheka.

"Cheka tu. Sikio ndiyo jina la ng'ombe."

Nilichomeka simu kwenye chaji, ikatetemeka. Ilikuwa hai, ila haikuwa na uso. Nikaingia kwenye boksi nikapata simu mfu inayofanana nayo kabisa, kampuni ile ile, upana ule ule. Nikatoa kioo chake kwa joto, taratibu, nikaunganisha utepe wake wa nyaya. Kikawaka! Mzee akapiga makofi. Lakini nilipokiweka kwenye fremu, hakikuingia. Pembe zote nne zilikuwa zimesimama nje, kama unene wa ukucha. Kona za fremu zilikuwa za mviringo zaidi, za kioo zilikuwa kali kidogo. Nilikuwa nimeziangalia kwa muda wote ule na sikuona.

Hapo ndipo nilipokosea. Kwetu kitu kisipoingia tunakipunguza. Mlango tunauranda, mpini wa jembe tunauchonga. Nikachukua tupa ndogo nikaanza kuikwangua kona ya kioo. Mara ya tatu nikasikia kama mtu amevunja njiti ya kiberiti. Ufa mwembamba ukakimbia kutoka pembeni hadi karibu na katikati.

Fundi alinishika mkono. "Acha. Unajua unakwangua nini hapo? Watu wameshtakiana kwa ajili ya hiyo kona."

Nilidhani ananitania ili nisilie. Lakini aliendelea huku anakagua ule ufa. Alisema alipokuwa anajifunza kazi Kariakoo, mafundi walikuwa wakibishana kila siku juu ya kampuni mbili kubwa za simu zilizopelekana mahakamani, na si katika nchi moja. Moja ilisema nyingine imeiga umbo la simu yake: mstatili wenye kona za mviringo, uso mtupu, vile vipicha vya kugusa vilivyopangwa kwa mistari. Walibishana miaka. Mahali pengine jaji alizuia kifaa kimoja kisiuzwe, wenyewe wakakirudisha kiwandani, wakakibadilisha fremu kidogo tu, wakakileta tena sokoni. Mwisho wakapatana.

"Tangu hapo," akasema, "mchoraji wa simu hawezi kuchora kona bila kuwaza wakili. Huyu anakunja zaidi, yule ananyoosha kidogo, ili asiambiwe kaiba."

"Na hii?" nikauliza, nikionyesha kona iliyonishinda.

"Hii sijui. Labda ni kwa sababu hiyo, labda mtu alipenda tu."

Nilibaki nimeishika ile fremu. Nimepitisha kidole kwenye kona za simu kila siku tangu nianze kazi, na nilidhani zimekaa hivyo kama yai lilivyo mviringo, bila mtu kuamua. Kumbe huenda watu wenye majoho walikaa, wakaangalia mviringo mdogo kama huu kwa miaka, na hukumu yao ikasafiri mpaka mezani kwangu Majengo.

Mzee yeye hakushangaa hata kidogo. "Si ndiyo kama sikio?" akasema. "Nyie mlidhani sisi tu ndio tunagombana kwa mkato? Haya, mayu, picha yangu."

Fundi akanionyesha nisikilazimishe kioo kuingia. Nikakilaza juu ya fremu, nikakata mpira wa tyubu ya baiskeli vipande viwili, nikafunga juu na chini. Kikawaka tena, na ufa wake. Ila utepe ulikuwa umening'inia, ukitikiswa tu unazimika. Mtu aliyezoea ndiye aende ameushika.

"Nenda wewe," fundi akasema.

Nilitamani ng'ombe angenikanyaga mimi.

Kwenye ofisi ya kata kulikuwa na wazee watano na watu wengi madirishani. Niliishika simu kwa mikono miwili kama yai. Mwenyekiti aliniambia niwaonyeshe na niseme ninachoshika. Sauti ikanikauka, kisha ikatoka, ndogo: "Hii ni simu ya mzee. Kioo si chake, ila picha ni yake."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Kwenye picha kulikuwa na ndama mwenye doa jeupe kama jani kwenye paji la uso, sikio la kulia lina damu mbichi. Mtamba aliyefungwa nje alikuwa na doa lile lile. Jirani aliangalia kwa muda mrefu, akasogeza uso mpaka karibu na ule ufa, akasema, "Ni wako, baba. Nilidanganywa na sikio." Hakuwa mwizi. Babu yake na babu wa mzee walikuwa wa upande mmoja kule kaskazini wakikata sikio kwa namna moja, na kila ukoo ulihamia huku na mkato huo huo.

Wazee wakaamua kwamba maboma mawili hayawezi kuwa na sikio moja. Aliyekuja nyuma ataongeza mkato mdogo sikio la kushoto.

"Basi ng'ombe wangu watasikia kuliko wenu," jirani akasema, na hata mwenyekiti alicheka.

Siku hizi wanapopitishwa ng'ombe njiani nasimama kuangalia masikio. Wale wenye mikato miwili nawajua, nilikuwepo walipopata umbo lao. Kisha narudi mezani, nagusa kona ya simu ya mtu, na najiuliza ni nani waligombana hapa na aliyeshindwa alikunja kiasi gani.

Ile fremu ya mzee bado iko mezani kwangu, inangoja kioo chake. Nawaomba mniandikie. Angalieni kona za simu zenu, mnichoree kwa kuzizungushia kalamu kwenye karatasi, na mniambie kama kwenu kuna kitu kilichobadilishwa umbo kwa sababu watu waligombana. Msiogope mwandiko. Nitasoma polepole.