Mwani wa Sebuleni kwa Shangazi

Harufu ya bahari niliijua Mbeya, kabla sijaiona bahari yenyewe. Ilitoka sebuleni kwa shangazi, kwenye tangi la kioo aliloachiwa na marehemu mumewe, mtu wa Tanga: maji ya chumvi, mawe, matumbawe na samaki wawili wa rangi ya chungwa. Baba alinipeleka huko kwa likizo, mama akiwa kwenye mavuno ya mpunga kwetu Rujewa. Shangazi aliutazama mkono wangu, akaona unapenya katikati ya mawe ambako wake haufiki, na likizo yangu ikaishia hapo.

Kazi yangu ilikuwa mwani. Alinifundisha kuutambua kama watoto wengine wanavyofundishwa kuchambua mchele. Vumbi la kahawia kwenye kioo si la kuogopa, unalifuta tu. Utando mwekundu hubanduka kama wa maziwa. Huo unaufyonza kwa mpira. Adui ni ule wa kijani, mrefu kama nywele, unaoyafunika matumbawe mpaka yanakufa. "Ng'oa na mizizi yake, mwanangu. Maji yakitakata, utaenda kwa mama yako." Nikang'oa mpaka vidole vikakunjamana kwa chumvi, na haukupita muda mawe yakawa kijani tena. Niliwaonea wivu wale samaki. Wao angalau hawakujua Rujewa iko upande gani.

Nilichelewa kujua nani anaulisha mwani ule. Jumamosi wanajumuiya walikuja kusali, chai ikamiminwa, na mama mmoja akasema, "Jamani, sisi tunakunywa, hawa wanatuangalia tu?" Akadondosha kipande cha andazi. Kwetu huli mbele ya kiumbe kinachokutazama, kwa hiyo kila mgeni alitupia chochote, na shangazi akatabasamu, maana kumkataza mgeni asitoe ni aibu. Mabaki yalizama nyuma ya mawe, yakaoza, mwani ukanenepa. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Tangi letu liliugua kila Jumamosi. Nikamwambia shangazi. Akaanza kulifunika kwa kitenge kila wageni walipokaribia. Taa tukaipunguza, maji tukayabadilisha kidogo kidogo. Mwani ukanyauka.

Mama alikuja na kiroba cha mchele mpya. "Wifi, nimemfuata mtoto." Shangazi akamwonyesha maji yalivyotakata. "Sasa wifi, ukimchukua huyu, nani atayatunza? Mwache asome hapahapa." Mama alinitazama. Wifi habishiwi, tena mjane. "Haya, wifi," akasema, nami nikajua kwamba kazi nilikuwa nimeifanya vizuri mno. Nililia nimeegemea kioo, na hakuna aliyenifukuza pale.

Nilikaa mpaka nikamaliza shule. Shangazi amekwisha kupumzika, tangi halipo, na siwezi kumchukia. Lakini nikienda Rujewa leo, wadogo zangu huingia jikoni moja kwa moja, hula wamesimama, hugombezwa. Mimi mama hunifutia kiti kwa kanga yake, huchinja kuku, huniuliza kama chai ina sukari ya kutosha. Nakaa, nashukuru. Sijawahi kumwambia kwamba natamani anigombeze.