Bolti Isiyoshika

Kijiwe cha bodaboda cha Mamba, kule mlimani, kilikuwa na madereva kumi na mmoja: wanaume kumi, na Asteria. Mwanzoni walimtania mpaka wakachoka wenyewe, maana ukimtania mtu anayecheka kwa sauti kuliko wewe, utani unakosa chumvi. Abiria waliomwogopa mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu walikuwa wanagombania namba yake ya simu. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na hakuwahi kupenda kazi nyingine yoyote namna ile.

Tatizo ni kwamba pikipiki haikuwa yake. Ilikuwa ya baba yake, Mzee Eliufoo, aliyetumikia mashamba ya katani huko tambarare nusu ya ujana wake kabla ya kurudi mlimani. Mgongo ulipomkatalia kuendesha, alimwachia binti yake shingo upande, tena kwa sharti aliloliweka mbele ya wote waliokuwa mezani.

“Hii pikipiki miaka tisa haijaguswa na fundi,” alisema. “Siku nikiona kasoro, hata iwe ya taa, naiuza. Omari anaisubiri.”

Omari alikuwa mnunuzi wa tangawizi, na kweli alikuwa anaisubiri. Kila akipita alipiga hodi kuiulizia. Basi Asteria aliiosha pikipiki ile kuliko alivyoosha vyombo. Alikaza hiki, alipaka grisi kile. Kitu kimoja tu hakuruhusiwa kukifanya: kumwaga oili. Hiyo baba yake aliifanya kwa mkono wake, nyuma ya jiko, na ole wake aliyesogea kuchungulia.

Sasa, pale kijiweni walikuwa na desturi yao. Mwenzao akiwa anashuka mjini Same na mzigo, hawamwachi hivihivi. Kila mmoja huchukua spana, huinama, na kumkazia bolti moja au mbili kwa ajili ya safari. Barabara ya mlimani hulegeza hata meno ya kinywani, ndivyo wanavyosema, kwa hiyo kumkazia mwenzako ni kumwombea heri. Alhamisi hiyo Asteria alikuwa amefungiwa gunia la tangawizi, na kwa kuwa ni dada yao wa pekee, heri ilizidi kipimo. Vitus aliikaza bolti ya chini ya injini, ile ya kumwagia oili. Amiri akaikaza tena. Anold, mwenye mabega ya kubeba ng'ombe, akaimalizia kwa kuikanyagia spana.

“Sasa hiyo haitoki mpaka kiama!” akasema Anold.

Ililegea kabla ya kijiji cha Kisiwani. Asteria alisimama kunywa maji, akaona kiatu chake cha kulia kinang'aa. Akainama. Oili ilikuwa inadondoka tone kwa tone. Aliposhika bolti kwa vidole, ikazunguka. Akaizungusha tena, ikazunguka tena, haishiki popote, bure kabisa. Akilini aliiona pikipiki ikiondoka nyumbani, Omari akiwa juu yake, na yeye akirudi shambani kupalilia huku madereva kumi wakimpita.

Alinunua chupa mbili za oili, akawa anaendesha kidogo, anasimama, anaongeza, anaendesha. Hivyohivyo mpaka mjini Same, kwa fundi mmoja aitwaye Lugano, Mnyakyusa aliyeletwa na kazi ya karakana ya shamba la katani, kazi ikaisha, yeye akabaki.

“Dada, umeifanya nini?” Lugano aliuliza, amelala chali chini ya injini.

“Tumeikaza.”

“Mlikuwa wangapi?”

Asteria akawataja. Lugano akacheka hadi akagonga kichwa kwenye bomba la moshi. Injini ni alumini laini, akamweleza, na bolti ni chuma kigumu; ukikaza kupita kiasi, bolti inayanyoa meno ya tundu na baada ya hapo haina pa kung'ata. Kisha akaivuta bolti nje, akaikagua. Akaketi, akaiweka kiganjani mwa Asteria.

Pamoja na vipande vyembamba vya alumini vilivyonyolewa, bolti ilikuwa imeviringishiwa nyuzinyuzi zilizolowa oili, zimesokotwa kwa ustadi na kupangwa safu kwa safu.

“Hii ni katani,” Lugano alisema. “Hao wenzako wamemalizia tu. Meno ya tundu hili yalikufa miaka mingi iliyopita, mtu akawa anaziba. Sisi wa mashambani ndivyo tulivyoziba mabomba.”

Asteria alimjua mtu huyo. Nyumbani kwao mpini wa jembe, mguu wa kiti na bomba la uani vyote vilikuwa vimefungwa katani kwa mtindo uleule. Miaka tisa haijaguswa na fundi! Akacheka mpaka machozi, akakalia gunia la watu la tangawizi, akaendelea kucheka.

Lugano akalipanua tundu kwa drili, akapaka grisi kwenye chuma cha kukatia meno mapya, kisha akampa Asteria mpini. Mwenye chombo akate mwenyewe, alisema, ndipo mkono ukumbuke. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, futa, paka grisi. Asteria alikata taratibu, anahisi chuma kikila alumini, jasho likimtiririka puani, na furaha aliyoisikia hakuitarajia hata kidogo. Bolti mpya, nene kuliko ya kwanza, iliingia kwa vidole tupu. Mwisho Lugano akampa spana fupi ya urefu wa kidole. “Ikigoma, acha. Ukiongeza moja ya heri, utanirudia.”

Jioni alipofika nyumbani, Omari alikuwa uani anakunywa chai na mzee.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba.” Mzee Eliufoo alikuwa ameshainama na mgongo wake mbovu, anakagua. Kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye bolti. Kikasimama hapo.

Asteria alikuwa na katani mfukoni. Angeweza kuitoa. Akamtazama baba yake, mzee wa kanisa, mbele ya mgeni, akashindwa kumwaibisha. “Bolti ililegea njiani, baba,” alisema. “Nimekata meno mapya mwenyewe. Haivuji.”

“Si nilisema?” Omari akaruka. “Ameshaiharibu! Tuelewane bei, mzee.”

Mzee Eliufoo alijinyoosha polepole. Alitazama ukuta, akatazama kuku, mwisho akamtazama binti yake.

“Aliyeiharibu ni mimi,” alisema. “Miaka sita naiziba kwa katani, naona haya kusema. Nilikuwa natafuta kasoro yoyote niiuze, Asteria, maana kila ukishuka ule mlima chakula hakinipiti kooni. Nakaa pale mlangoni mpaka nisikie injini inarudi.”

Miezi yote mitatu Asteria alidhani baba yake anaona aibu kuwa na binti dereva.

Omari aliweka kikombe chini. “Subiri, mzee. Kwa hiyo mimi ulikuwa unaniuzia hiyohiyo?”

“Wewe ningekupa na katani ya akiba.”

Mama yake Asteria alikuwa wa kwanza kucheka, huko jikoni. Omari alijitahidi kununa, akashindwa, akacheka mpaka chai ikampalia.

Mzee Eliufoo wala hakuwasubiri wamalize. Alivaa kofia ngumu, akaomba bega la kushikia, akapanda nyuma ya binti yake kwa mara ya kwanza. “Twende mpaka kanisani na kurudi,” alisema. “Leo nataka kula.”