Nilitaja Mwamba wa Bambo Saidi Kanisani

Kosa ni langu. Nianzie hapo, maana najijua: nikianzia pengine nitajitetea, na sina cha kujitetea nacho. Jina langu nalificha. La marehemu nimelibadilisha, nitamwita Bambo Saidi, yaani Bwana Saidi.

Mimi ni mtu wa Fizi, nimekulia kwenye maji ya Tanganyika. Kupiga mbizi nilijua kabla ya kujua kusoma. Vita vikatutoa, tukaishia hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, mimi, mke wangu Mama Neema na watoto wanne. Kambini mvuvi ni nani? Si mtu! Chakula cha mgawo kilipopunguzwa nikajipenyeza hadi Salima, ziwani, kutafuta kibarua kwenye mitumbwi.

Bambo Saidi ndiye aliyenipokea. Mzee wa Kimalawi, Mwislamu, mpole, mwenye Kiswahili cha kuokoteza alichokipata Kyela enzi za ujana wake. Hakuniuliza karatasi. Aliniuliza kama naweza kuzama nikaunasua wavu ukikwama chini. Nikamwonyesha. Tangu siku hiyo kazi ya kuzama ikawa yangu, na yeye akawa ananiita achimwene, yaani ndugu.

Sasa sikilizeni. Miezi ya baridi, upepo wa mwera ukishika, samaki wa karibu na pwani hupotea kabisa. Watu wanarudi mikono mitupu, wanakaa mchangani kushona nyavu na kununa. Lakini Bambo Saidi alikuwa na mahali pake, mbali sana kuelekea katikati ya ziwa. Chini ya maji kuna mwamba, wenyewe wanauita chirundu, na juu ya mwamba ule samaki hawakatiki. Utaka, kampango wanene, wewe tu! Mwera ukipoa asubuhi moja, tunakwenda na tunarudi tumejaa.

Utaupataje mwamba usioonekana? Kwa alama za nchi kavu. Alama mbili zikipangana upande huu, na nyingine mbili upande ule, basi uko juu yake. Alama zenyewe sizitaji hapa. Nilishazitaja mara moja, yatosha.

Siku aliyonionyesha alishusha sauti kabisa, utadhani samaki wanasikia.

"Hapa pa baba yangu," aliniambia. "Wavu mmoja, samaki wanatosha. Wakija watu wengi, kwisha. Hata mkeo asijue, achimwene."

"Mungu ni shahidi, Bambo," nikajibu.

Basi nikawa napeleka samaki Lilongwe, nauza Mchesi, wengine nawaleta Dzaleka. Watu wakashangaa. Jumapili moja mchungaji wetu akanisimamisha katikati ya ibada.

"Bantu bote banasema ziwa haina kitu! We ndugu yetu unatoa wapi samaki? Simama utupe ushuhuda!"

Ningesema Mungu ni mwema, nikakaa. Nani angenidai zaidi? Lakini nyie, tangu nitoke kwetu hakuna aliyewahi kuniuliza jambo ambalo jibu lake ninalo. Kwenye foleni mimi ni namba. Siku ile kanisa zima limenigeukia, kina mama wanapiga vigelegele, na mimi nikanogewa! Nikaeleza. Umbali, alama hii, alama ile, nikachora hewani kwa mikono miwili. Kila nikitaja alama, watu "Amina!"

Nilipoketi, Mama Neema akaniinamia.

"We, kwa nini unasema vitu byote vile? Ungesema Mungu alitusaidia, basi."

"Hawa watu wa Mungu," nikamjibu kwa kiburi. "Kuna mvuvi hapa?"

Mvuvi hakuwapo. Mwenye pesa alikuwapo. Namwita Papa Furaha, mtu wa Bukavu, ana duka Mchesi na huja kusali nasi. Alikaa akisikiliza, na mimi mpumbavu nikadhani anabarikiwa! Haukupita mwezi, akakodi boti la injini na watu wa pwani nyingine, wakaingia na wavu wa matundu madogo, ule usioacha hata vitoto vya samaki.

Tuliwaona kwa mbali, wiki nzima. Bambo Saidi alisimama kwenye mtumbwi, mkono juu ya macho.

"Nani amewaonyesha hawa?"

"Labda wamebahatisha tu," nikasema.

Uongo wa kwanza huo. Akanitazama, akaniamini. Aliniamini haraka sana, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Baadaye boti likatoweka. Nikateremka Mchesi na mzigo mdogo, samaki walikuwa wamepungua kweli, nikapita dukani kwa Papa Furaha. Nikamkuta amekasirika.

"Ile mahali yako iliniua! Filet yangu yote imebaki kule chini, imenasa ku mawe. Tulikata kamba, tukakimbia."

Wavu mzima, umetanda juu ya mwamba, kwenye maji meusi! Mtoto wa mvuvi haambiwi maana yake. Anayezama pale haoni nyuzi mpaka zimshike. Nilijua pale pale dukani kwamba lazima nimwambie Bambo Saidi kabla hajarudi kule.

Njia yote nilipanga maneno. Nilipofika nikamkuta anakula, mkewe akaniongezea nsima, tukala kwenye sahani moja. Nitaanzaje kusema wavu uko pale bila kusema umefikaje pale? Nikajiambia kesho.

Kesho yake ziwa lilitulia. Tukatoka, watu wanne. Nikajiambia tena, labda mkondo wa maji umeuhamisha. Tukatupa wavu, tukaanza kuvuta, ukakwama. Wote wakanigeukia mimi, maana kuzama ni kazi yangu.

Nilitazama yale maji. Nilijua kilichoko chini! Nikashika sikio.

"Bambo, leo masikio yananiuma. Yanauma sana."

Angenitukana ingekuwa nafuu. Mzee akanishika bega.

"Pumzika, achimwene. Sikio si la kuchezea. Nitashuka mimi."

Akavua shati, akalikunja vizuri, akaliweka kavu juu ya ubao. Nilikuwa na muda. Nilikuwa na muda wa kusema maneno matatu tu: Bambo, kuna wavu. Akavuta pumzi, akashuka.

Tulingoja. Kamba ya wavu wetu ikatikisika kwa nguvu, mara tatu, nne, halafu ikatulia. Ndipo nikaruka na kisu. Masikio hayakuniuma hata kidogo. Nikamkuta amezongwa mikono na mguu, macho wazi. Nilikata na kukata, nikapanda kuvuta pumzi mara mbili, nikarudi. Nilipompandisha mtumbwini alikuwa ameshatutoka.

Kijiji kizima kikaniita shujaa. Mkewe alinishika mikono yote miwili akilia. "Zikomo, asante, achimwene. Hukumwacha kule chini." Watu wakawalaani wale wa boti la injini, wakamlaani na aliyewaonyesha njia, awe nani. Na mimi nikaitikia pamoja nao! Nililaani kwa sauti, ili nisikike.

Mke wangu alikisia. Alihama kitandani, sasa analala na watoto. Kanisani wananitaka tena nisimame nishuhudie jinsi Mungu alivyoniponya na maji. Siendi. Wanadhani nina msiba.

Mjane bado ananitumia samaki wakavu kwa madereva wa Lilongwe, ati watoto wangu wasife njaa. Yeye, asiye na mtu wa kumvulia! Wanangu wanakula. Mimi nasema nimeshiba.

Arobaini ya marehemu ni wiki ijayo. Mkewe ameniomba nisimame mbele ya watu nieleze saa yake ya mwisho ilikuwaje. Nimewaambia ninyi msionijua kwa sababu yeye, anayestahili kuambiwa, bado hajui. Kila asubuhi naapa nitamwambia, na jioni nimeshapata kisingizio.

Wewe unayesoma, ukikabidhiwa siri inayowalisha watu, kaa nayo hata watu wakikushangilia. Na kama umeshaitoa, kimbia, kaseme. Usingoje kesho! Mimi niliogopa aibu. Ningesema, Bambo Saidi angenifukuza, pengine angenipiga kofi mbele ya kijiji, na jioni ile angekaa kwake akala na mkewe.