Kisanduku cha Moshi Juu ya Kitanda Changu

Nilitoka Mubi kwa pikipiki hadi barabara ilipokwisha, nikatembea siku tatu msituni kupitia Pinga, nikafika Mweso miguu imevimba. Hakuna kazi iliyoniita. Nilikuwa nimekumbuka maharagwe ya Masisi, na mimi nikishakumbuka kitu situlii. Pale Mweso kamyo moja ilinipakia bure hadi Kashuga, nikakalia katoni ambazo sikuuliza zina nini.

Hilo ndilo lililoniponza. Ndani ya katoni mlikuwa na visanduku vyeupe vinavyolia moshi ukizidi. Moto ulikuwa umeteketeza safu nzima ya nyumba za nyasi pale Kashuga, na serikali ikatangaza msaada: mwenye nyumba atakayefunga kisanduku mahali anapolala, mkaguzi akakikuta kinafanya kazi, atapewa mabati. Mjane aliyenipangisha chumba aliyataka mabati hayo kabla ya mvua, maana paa lake lilikuwa limeoza. Lakini kisanduku hakukiamini, wala mimi hakuniamini.

"Si mulikuya mu kamyo moja, wewe na hii kisanduku?" aliniambia. "Basi sema, inasikilizaka nani?"

"Mama, inanusa moshi tu."

"Kitu yenye kunusa iko na masikio. Angalia imbwa."

Yeye alipika katika chumba kilekile alimolala, kama wengi pale, na mbegu zake za maharagwe zilining'inia juu ya mafiga ili moshi uzuie wadudu. Kwa hiyo kisanduku alichokifunga humo kililia asubuhi, kikalia jioni. Majirani walisimama uani wakiulizana kinamwita nani. Siku ya tatu akakibandua, akaja kukipigilia juu ya kitanda changu, kwenye chumba kisicho na moto.

"Kama inasikia, ikusikie wewe."

Nilicheka. Hata hivyo, tangu siku ile sikulala vizuri. Kilikuwa na taa ndogo nyekundu iliyopepesa kama jicho. Niliacha kuimba nikivaa. Nikaanza kumshuku na mama mwenyewe: mbona kila siku ananiuliza nitaondoka lini?

Mkaguzi alikuja bila kutoa habari. Alibonyeza kisanduku, kikalia vizuri. Kisha akatazama kitanda.

"Nani analala humu, Mama? Kanuni inataka mwenye nyumba."

"Njo mimi, mwenye nyumba."

"Na hii suruali?"

"Ya marehemu bwana yangu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mkaguzi akanigeukia. "Na huyu Papa?"

"Mugeni. Anaenda leo."

Mama alinikazia macho. Neno langu moja lingemnyima mama mabati. Nikasema nilipita kusalimia tu.

"Kesho asubuhi nitapita tena," mkaguzi alisema, akaandika.

Alipokwenda, mama hakunishukuru. Alihamishia mkeka wake chumbani kwangu, akanipa suruali yangu na maharagwe ya kuchemsha ndani ya jani la mgomba. Nilimwuliza kama alikuwa amepanga yote hayo tangu siku aliyokileta kisanduku kwangu.

Akainua macho kukitazama, akanisogelea. "Enda, kaka," alinong'ona. "Tutaongea inje."

Nje hatukuongea. Alisimama uani mpaka alipohakikisha nimeshika njia ya Kitshanga. Sijarudi tena.